Majani ya Mfereji na Majani ya Bwawa

Ngendo alifanya kazi katika maabara ya shule yetu kwa miaka kumi na minne, na muda huo wote sikuwahi kumsikia akijitaja kwa cheo. Kwenye karatasi za ofisi aliandikwa mhudumu wa maabara. Wasichana walimwita Mama Watiri, kwa jina la binti yake wa pekee, nasi walimu tukamwita hivyo hivyo. Shule ilikuwa ya harambee, iliyojengwa kwa michango ya wenyeji, kando ya barabara ya kutoka Nyeri kwenda Kiganjo, na maabara ilikuwa chumba kimoja cha mawe chenye madirisha upande wa mashariki, meza za mbao, na mabomba mawili ambayo moja tu ndilo lililotoa maji. Mimi nilifundisha Kiswahili. Mambo ninayosimulia mengine niliyaona, na mengine alinieleza mwenyewe miaka ilipopita, siku moja tulipokuwa tukipepeta maharagwe nyumbani kwake na hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Shule yake mwenyewe ilikatika darasa la nne, wakati wa hali ya hatari iliyotangazwa na wakoloni, familia yao ilipohamishiwa kwenye kijiji cha kuzungushiwa handaki. Hakurudi tena darasani. Aliolewa na Gicheru, dereva wa lori la mbao, na Gicheru alipokufa ajalini Watiri alikuwa na miaka sita. Ngendo akaja kuomba kazi ya kufagia shuleni, akapewa maabara kwa sababu hakuna aliyeitaka. Mwalimu wa biolojia wakati huo aliitwa Moffat, mtu mpole mwenye kikohozi, na Ngendo alikuwa akisuguasugua mirija ya kioo huku akimsikiliza akifundisha. Baada ya miaka michache aliweza kumsahihisha pasipo kusema neno, kwa kumsogezea tu chupa iliyo sahihi.

Moffat ndiye aliyeunda tangi la kioo. Walilijenga pamoja, yeye na Ngendo, kwa vioo vya dirisha na vyuma vilivyounganishwa na fundi wa mjini, wakaweka mchanga wa mto Chania, samaki wadogo sita, na majani ya maji yenye shina refu na vijani vidogo vilivyolizunguka shina kama kola ya shati. Samaki walikuwa wa kuwafurahisha wasichana. Majani yalikuwa ya kazi. Kila mwaka Moffat aliyahitaji kuonyesha jinsi mmea unavyotoa hewa ukiwa kwenye mwanga: unakata kipande, unakipindua ndani ya glasi ya maji, na kwenye mkato wa shina viputo vinaanza kutoka kimoja kimoja, mpaka unaweza kuvihesabu. Ngendo ndiye aliyeyatunza. Yakirefuka aliyakata vichwa na kuvipanda tena mchangani, na tangi lilikaa kijani mwaka mzima.

Mwaka wa 1984 ulianza kwa Moffat kuhamishiwa Embu. Hakuletwa mwalimu mwingine. Msichana aliyemaliza kidato cha sita akawa analisomea darasa madaftari ya zamani. Mwezi wa nne mvua ndefu haikuja. Kufikia wa saba ng'ombe walikuwa wakiuzwa mifupa, na watu waliozoea kuuza mahindi yao Karatina walikuwa kwenye foleni ya mahindi ya manjano ya serikali. Mwezi wa nane Ngendo akafiwa na mama yake, akaenda Othaya kumzika, akakaa majuma matatu. Mwalimu Mkuu, Bwana Mutahi, alihitaji nafasi ya kuongeza meza za mtihani, akaagiza tangi lipelekwe stoo. Stoo haikuwa na dirisha. Ngendo aliporudi alikuta uji wa kahawia na samaki sita wakielea. Hakumlaumu mtu. Aliliosha tangi akalifunika kichwa chini nyuma ya maabara, na kwa jinsi mwaka ulivyokuwa, hakuna aliyeona kwamba jambo kubwa limetokea.

Katikati ya Oktoba, majuma mawili na nusu kabla ya mtihani wa vitendo wa kidato cha nne, Mutahi alimwita ofisini akafunga mlango. Kulikuwa na bahasha ya siri. Ndani yake mlikuwa na orodha ya vitu vya kutayarishwa, na waliopaswa kuiona ni mkuu wa shule na mwenye kuandaa vifaa, basi. Mutahi alikuwa mwalimu wa historia. Alimsomea orodha polepole, na alipofika kwenye mmea wa majini wenye shina, vipande arobaini, kila kipande sentimita kumi, Ngendo akaliwaza tangi lililokuwa tupu nyuma ya maabara. Swali alilijua papo hapo. Watahiniwa walikuwa arobaini, na mmoja wao alikuwa Watiri.

Mutahi naye alilijua hilo. Alisema kwamba kwa haki angemweka mtu mwingine, lakini hana mtu mwingine anayejua hata bomba gani linatoa maji. Kisha akamsogezea kalamu atie sahihi.

“Mama Watiri, hii kitu isitoke hapa,” akamwambia. “Hata kwa nyumba yako. Hasa kwa nyumba yako.”

Siku zilizofuata alizunguka akitafuta. Chemchemi ambako Moffat aliyatoa majani ya kwanza ilikuwa tope lililopasuka. Chania ilikuwa na maji, lakini yalikwenda mbio juu ya mawe na hapakuota kitu ila kuvu. Hakuweza kumuuliza mtu yeyote waziwazi, kwa kuwa mhudumu wa maabara anayetafuta majani ya maji mwezi wa mtihani ni kama ameubandika mtihani kwenye mti wa sokoni. Akakumbuka kusikia kwamba Sagana kuna mtu mwenye mabwawa ya samaki. Jumamosi akachukua ndoo yenye kifuniko. Watiri alikuwa ameketi mlangoni na kitabu cha biolojia magotini, akamuuliza anakwenda wapi. Ngendo akajibu anakwenda kuona samaki wa kurudisha kwenye tangi.

“Saa hii, Mama? Na mtihani iko karibu?”

“Tangi haiwezi kaa tupu,” akasema. Aliniambia kwamba huo ndio uongo wa kwanza aliowahi kumwambia mtoto huyo tangu azikwe baba yake.

Sagana kuna joto ambalo mtu wa Nyeri hulihisi mara tu anapokanyaga chini. Mabwawa yalikuwa nyuma ya mji, karibu na mto, na mfanyakazi aliyekuwa pale aliitwa Jumaa, mzee mwembamba mwenye kofia ya kushonwa kwa mkono, mzaliwa wa mtaa wa Majengo, Nyeri, aliyekuja Sagana kuoa akabaki. Alifurahi kumpata mtu wa kumuuliza habari za kwao. Ngendo alipomwambia anataka majani ya tangi la samaki, Jumaa alimpeleka kwenye bwawa la kati. Majani yalikuwa yamejaa ukingoni hata maji hayaonekani, kijani cha kung'aa, laini, yale yale aliyoyajua. Alikaribia kulia kwa furaha. Kisha Jumaa akamwonyesha mfereji mwembamba ulioleta maji kutoka juu, ambako maji yalikuwa baridi. Humo pia mliota majani, na kwa macho ya Ngendo yalikuwa ndiyo hayo hayo, ila meusi kidogo na si mengi.

“Mimi naona ni kitu moja,” akamwambia.

“Hata mimi nilikuwa nikiona hivyo,” Jumaa akasema. “Shika kwa kidole, mama.”

Akapitisha kidole gumba. Ya bwawa yaliteleza kama hariri. Ya mfereji yalikwaruza kidogo sana, na vijani vyake vilipinda nyuma kuelekea shina. Alisimama pale akiwa ameshika shina moja kila mkono, akijaribu kukumbuka yale ya Moffat yalikuwaje. Miaka tisa ameyakata na kuyapanda, na vidole havikumwambia kitu. Angeweza kumuuliza Jumaa ni yapi yanayotoa viputo vingi, lakini swali hilo ndilo lililokuwa ndani ya bahasha. Kwa hiyo akauliza swali dogo zaidi, yapi yanaishi.

“Hapa yote yanaishi. Huko kwenu kwenye baridi, mimi sijui.”

Akajaza ndoo kwa ya bwawa kwa sababu yalikuwa mengi na mazuri. Ya mfereji alichukua konzi moja tu, akayafunga kwa uzi ili asiyachanganye.

Jumatatu mchana, wasichana wakiwa kwenye mlo, alijifungia maabarani akajaribu. Jua lilikuwa kali dirishani. Kipande cha bwawa kilianza kutoa viputo kabla hajaweka glasi mezani sawasawa. Alihesabu thelathini kwa dakika moja. Kile cha mfereji kilitoa kumi na kimoja, polepole, kama mtu asiye na haraka. Hapo akaona ameshachagua. Majani ya bwawa akayaweka kwenye karai kubwa karibu na dirisha. Yale ya mfereji akayatupia kwenye mkebe wa zamani wa rangi wenye maji uliokuwa nje chini ya paa, akayasahau.

Alhamisi karai lilianza kunuka. Vijani vya chini vilikuwa vimegeuka kama karatasi iliyolowa, unaona kidole chako upande wa pili, na ukivigusa vinabaki mkononi. Usiku wa Nyeri ulikuwa na baridi, na bomba lilileta maji yanayoshuka moja kwa moja kutoka mlimani. Alibadilisha maji. Akayachemsha kidogo yapate uvuguvugu. Akahamisha karai hadi jikoni kwa mpishi akidai ni nguo za kuloweka. Ijumaa nusu ya majani ilikuwa imekwisha. Hapo ndipo alipokumbuka mkebe, akaenda nje, akayakuta ya mfereji yamesimama, yametoa na vichwa vipya vya kijani. Alikaa chini kwenye nyasi kavu na mkebe mapajani. Alisema alijihisi mjinga kuliko siku zote za maisha yake, kwani alikuwa ameyachagua kwa uzuri kama mtu anayechagua kitambaa.

Jumamosi alirudi Sagana. Ilikuwa imebaki siku tano. Jumaa alimpokea kwa uso wa huruma kabla hajasema lolote: maji yalikuwa yamepungua mno, bwawa la kati lilikuwa limekaushwa, na mwenye mabwawa alikuwa ameajiri vibarua kuusafisha mfereji ili tone lisipotee. Majani yote yalikuwa yametupwa ukingoni juani. Ngendo alipiga magoti kwenye rundo lile akalichambua tangu saa tano hadi saa tisa. Juu yalikuwa yamekauka yakawa kama tumbaku. Chini kabisa, palipokuwa bado na unyevu, alipata mashina ambayo yangali hai. Jumaa aliingia mferejini akamtafutia yaliyosalia kwenye kona za mawe. Wakati huo mzee alikuwa ameshafahamu kwamba habari si ya samaki. Hakuuliza. Alimwekea kitambaa chenye maji juu ya ndoo akamwombea heri.

Aliporudi maabarani alihesabu. Ya mfereji, yakikatwa vizuri, yangetoa vipande ishirini na saba. Vilivyobaki, kumi na vitatu, vingetoka kwenye mabaki ya yale ya bwawa aliyokuwa nayo. Alivijaribu hivyo vya bwawa siku iliyofuata, na kwenye jua bado vilitoa viputo kumi, kumi na viwili. Kwenye kivuli havikutoa hata kimoja. Hilo halikumtisha sana. Jua lilikuwa limewaka Nyeri kila asubuhi kwa miezi, watu walikuwa wamelichukia, na sasa yeye peke yake alikuwa akilitegemea.

Alhamisi ya mtihani aliamka akasikia sauti iliyomchanganya, mpaka alipotambua ni matone kwenye mabati. Mlima haukuonekana. Milima ya Nyandarua haikuonekana. Wingu lilikuwa limeketi juu ya miti, na kabla ya saa mbili mvua ilikuwa inamwagika. Nakumbuka asubuhi hiyo vizuri. Mpishi alitoka nje akasimama katikati ya uwanja mikono wazi. Walimu wengine walilia. Kanisa la jirani lilipiga kengele ingawa ilikuwa siku ya kazi. Nami nilimwona Ngendo kwenye mlango wa maabara, ameshika fremu kwa mikono yote miwili, akiitazama ile mvua kwa uso ambao sikuuelewa. Nilidhani anamkumbuka mama yake.

Alikimbia ofisini akamweleza Mutahi kwamba vipande vingine havitafanya kazi bila jua, akamsihi aombe mtihani usogezwe hadi mchana. Mutahi alimwonyesha saa iliyopigwa chapa kwenye karatasi. Alisema hata yeye angependa, lakini saa tatu ni saa tatu. Balbu ya maabara ilikuwa moja, juu darini. Kisha Mutahi akachukua mwavuli akaenda langoni kumpokea msimamizi wa mtihani, Mwalimu Theuri, aliyetoka shule nyingine.

Ngendo akabaki peke yake na glasi arobaini. Vibao vya namba na majina vilikuwa mezani tangu jana. Alikuwa amevipanga vipande kama alivyopanga vitu kila mwaka, kuanzia namba moja: ishirini na saba vya kwanza vya mfereji, halafu vya bwawa hadi mwisho. Hakuwa amefikiria chochote alipopanga hivyo. Watiri alikuwa namba thelathini na nne.

Alisimama mbele ya glasi ya thelathini na nne. Kipande kilikuwa kizuri kwa macho, kijani cha kung'aa, kilichotulia kabisa. Kwenye glasi za mbele, hata katika giza lile la mvua, kiputo kimoja kimoja kilikuwa kikipanda. Aliniambia kwamba alijaribu kuomba, na maneno ya kuomba hayakuja, kwa sababu kitu pekee alichotaka kuomba kilikuwa mvua isimame, na alijua watu wangapi wangekufa njaa isimamapo. Akasikia sauti za Mutahi na Theuri kwenye ukumbi. Akanyanyua kipande kutoka glasi iliyokuwa karibu na mkono wake wa kushoto, meza ya mbele yake, akakiweka kwenye glasi ya binti yake, na kile cha binti yake akakitia pale. Kazi ya nukta chache. Mtu yeyote angetazama, vipande vile vilikuwa sawa.

Kisha akasoma kibao. Namba kumi na tisa, Murugi.

Alimfahamu. Msichana mrefu, mkimya, baba yake fundi viatu Kiganjo, mwenye tabia ya kukaa nyuma baada ya somo kumsaidia kukausha glasi bila kuambiwa. Ngendo alinyoosha mkono kuvirudisha, na mlango ukafunguliwa.

Wakati wa mtihani alikuwa na ruhusa ya kuwamo ndani, kuleta maji na kufuta yaliyomwagika. Watiri alihesabu, akaandika, akahesabu. Murugi aliinama mpaka pua ikakaribia glasi. Akageuza glasi kuelekea dirishani. Akakata shina upya kwa wembe, akangoja. Nyuma wengine kumi na wawili walikuwa wakihangaika vilevile, na mmoja alikuwa ameanza kulia kimya kimya. Mwishowe Murugi akainua mkono akamweleza msimamizi kwamba mmea wake hautoi kitu.

“Andika unachokiona,” Theuri akajibu, na kwa haki hilo ndilo jibu pekee aliloruhusiwa kutoa.

Murugi akaandika sifuri. Ngendo aliliona neno hilo kwenye karatasi alipopita na kitambaa. Wengine, alijua baadaye, walibuni namba.

Miezi ya kungoja matokeo Ngendo alikonda. Tulidhani ni njaa ya mwaka ule. Mvua ilikuwa imekuja lakini mahindi yalikuwa bado shambani. Hakuzungumza kanisani. Watiri akimuuliza kama anaumwa, alisema ni kifua. Matokeo yalipofika, Watiri alikuwa amepata nafasi ya kuitwa chuo cha wauguzi, na tulimpongeza mama yake kwa mikono miwili. Murugi alikuwa ameomba chuo hicho hicho. Alikosa kwa tofauti ndogo sana ya alama za biolojia.

Ngendo alikwenda kwanza kwa Mutahi akamwambia kila kitu, akiwa tayari kufukuzwa. Mutahi akasema swali lile lilikuwa moja kati ya mengi, hakuna anayeweza kusema limemkosesha mtoto nafasi au la. Na kwamba wangelazimika kuandika barua, na barua ingefuta matokeo ya shule nzima, wasichana wote arobaini.

“Mimi ndiye niliyetoa tangi dirishani,” akasema. “Rudi kazini, Mama Watiri.”

Alirudi kazini, akakaa siku nne, na siku ya tano akaenda Kiganjo. Alimkuta Murugi kwenye kibanda cha baba yake akipaka viatu rangi. Baba alikuwa amekwenda kununua nyuzi. Ngendo hakukaa kwenye kigoda alichosogezewa. Alieleza akiwa amesimama, kwa maneno machache, mambo ya bwawa na mfereji, namba kumi na tisa na namba thelathini na nne. Murugi aliendelea kupaka kiatu mpaka rangi ikawa nene pasipostahili.

“Nilifikiri ni mimi nilikata vibaya,” akasema hatimaye. “Tangu Novemba nafikiria vile nilikata. Hata nimelala nakata.”

Ngendo akasema hakukata vibaya.

“Watiri anajua?”

“Bado.”

“Mwambie. Mimi sitamwambia mtu, hata baba. Lakini yeye aende huko akijua.” Akaweka kiatu chini. “Na wewe, ulitaka nikuambie nini? Ati ni sawa? Si sawa, Mama Watiri.”

“Sikuja uniambie ni sawa.”

“Basi nenda,” Murugi akasema, si kwa ukali. “Baba akirudi atauliza mbona nalia, na sina la kumwambia.”

Alitembea kwa miguu kutoka Kiganjo hadi nyumbani. Jioni hiyo alimwambia Watiri, wakimenya viazi. Watiri aliweka kisu chini akatoka akaenda kusimama karibu na zizi. Kwa siku mbili hakusema ila salamu. Alifikiria kuikataa nafasi. Alimwandikia hata barua mkuu wa chuo, kisha akaichana, kwa kuwa aliona nafasi hiyo isingerudi kwa Murugi, ingekwenda kwa mtu mwingine wasiyemjua. Akaenda. Muhula mzima wa kwanza hakuandika nyumbani. Alipokuja Desemba alikuta mama yake amezeeka, akamsaidia kuosha vyombo, na wakiwa katikati ya kazi hiyo akasema neno ambalo Ngendo alinirudilia kwa sauti ile ile ya Watiri.

“Ningekuwa wewe, sijui ningefanya nini. Lakini usingoje nikushukuru.”

Murugi alirudia mtihani mwaka uliofuata katika shule nyingine upande wa Karatina. Alipita, ingawa nafasi za uuguzi mwaka huo zilikuwa chache, akaajiriwa kuwa karani katika kiwanda cha kahawa, akaolewa huko. Ngendo aliomba asishike tena vifaa vya mtihani. Mutahi alikubali, mwalimu mpya wa biolojia akaletwa, na yeye akabaki kufagia na kuosha mirija mpaka alipostaafu.

Nilimuuliza, siku hiyo ya maharagwe, kama anajuta. Alisema anajuta, lakini kila akijirudisha mbele ya zile glasi katika mawazo, mvua ikinyesha na sauti zikikaribia mlangoni, mkono wake unafanya kitu kile kile. Akasema hilo ndilo linalomtisha anapokwenda kanisani. Kisha akachukua ungo akaendelea kupepeta, na hatukulizungumza tena.